Mkono wa Mkwe Wangu Kabaso

Mkwe wangu Kabaso nilimjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa uso. Miaka kumi na tisa alikuwa amemwoa binti yangu Kunda, ua wetu mmoja, na miaka yote hiyo nilichokiona zaidi ni soli za viatu vyake vya mgodini zikichomoza chini ya gari la mtu. Nikitoka jikoni kwenda bombani, yeye anaingia chini ya gari. Nikirudi na ndoo yangu, anatoka. Pasipo na gari, anageuka kutazama ukuta, mtu mzima na mvi zake, anahesabu matofali mpaka nipite.

Ndiyo adabu yetu Wabemba. Mkwe hasemi na mama mkwe, hali mbele yake, hampi kitu mkono kwa mkono wala hapokei, na mlango wa nyumba yake haupiti. Mpaka siku wanawake wa upande wetu watakapompikia, wampangie vyungu, wamshike mkono na kumwingiza ndani. Hapo mwiko unaisha, anakuwa mwana wa nyumba. Kwa wengine siku hiyo huja mwaka wa pili au wa tatu. Ya Kabaso haikuja, na aliyeizuia ni mimi.

Mimi nilitaka karani. Karani alikuwepo, kijana wa posta, shati jeupe na kalamu mfukoni, na Kunda akamwacha akaniletea mtu wa tanuru anayenuka salfa. Mume wangu Ng'andwe alikwisha kusema ndiyo, basi ndoa nikaikubali. Vyungu nikasema bado. Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka huu kuku wameugua. Mwaka huu nina msiba. Mwaka huu mgongo. Bana Kapembwa, yule anayefunda mabibi harusi mtaani kwetu hapa Mufulira, ambaye angeongoza sherehe, alichoka.

"We Nakulu, mkwe wako utamwingiza ndani akiwa kwenye sanduku?"

"Akiwa kwenye sanduku hali kitu. Nitakuwa nimeokoa kuku."

Alicheka, nami nikacheka. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, na sikuwahi kuuomba radhi.

Sasa mtu mwenyewe. Kabaso alikuwa fita, fundi wa mitambo, kwenye tanuru la shaba miaka ishirini na miwili. Wenzake walimwita Muuguzi, kwa sababu nati iliyoshika kutu haipigi wala haitukani, anaiuguza. Kuna kijiti cha chuma mafundi wanakiita stadi. Hakina kichwa. Nusu yake imepandwa kwenye injini, nusu inachomoza nje na uzi wake, na nati inayokaa pale ndiyo inayobana bomba la moshi lisiachane na injini. Mahali hapo huungua kila siku na hupoa kila siku, mpaka nati na kijiti vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta kwa pupa nati haitoki. Kinachokatika ni kijiti, na kipande kilichobaki ndani huna pa kukishikia. Mafundi wa mtaani kwetu huvunja mbili katika nne na kumshukuru Mungu kwa zile mbili. Kabaso hakuwa amevunja hata moja. Si tanuruni, si uani kwa watu.

Alikuwa na kopo la maziwa ambamo alichanganya mafuta ya taa na mafuta ya breki yaliyochakaa. Anadondoshea nati asubuhi, anadondoshea jioni, anaigonga kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, kama anabisha hodi kwa watu wenye hasira, kisha anaondoka. Siku tatu. Siku ya tatu anaivisha spana, anaisukuma kidogo, anairudisha, anaisukuma tena. Anasikiliza kwa vidole. Alimwambia Kunda kwamba chuma kinachotaka kukatika huwa laini kwanza, kinanyooka mkononi kama mpira. Ukisikia ulaini huo unaacha hapo hapo, unaongeza mafuta, unakwenda kunywa maji.

Na vidole hivyo ndivyo shaba ya moto ilivyovirukia. Tone tu, siku moja, mkono wa kulia. Ngozi ilipona, lakini kidole cha shahada na cha kati vilikaa mwaka mzima havihisi kitu. Kunda alimpa kikombe cha chai akakishika pembeni kilipo moto, akawa anaongea tu, mpaka Kunda akapiga kelele. Baadaye vikaanza kuwashwa, kisha vikarudi. Vilirudi wakati mgodi umekwisha kupunguza watu, na yeye alikuwa katika waliopunguzwa. Tangu hapo akawa anatengeneza magari ya watu uani, leo lipo, kesho halipo, na Kunda anauza nyanya barabarani.

Mwaka wa kumi na tisa wa ndoa yao, mwezi wa mavuno, Ba Sinkala mwenye mabasi akamwita. Anataka mkuu wa mafundi wake. Aanze Jumatatu. Kunda alikuja kuniambia huku anacheka na kufuta macho kwa kitenge.

"Mama, atavaa ovaroli jipya. Lina jina lake kifuani."

"Wasikosee tu herufi," nikasema. Hilo ndilo neno langu la pongezi.

Wakati huo huo pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, tuliyoiita Kalulu, ilianza kunguruma. Gasketi ya bomba la moshi ilikuwa imeungua, na nikipita nayo mtaani mbwa wote walitoka kunisindikiza. Mahindi yangu yalikuwa shambani, yamekwisha kuvunwa, yamelala chini, na jirani wa huko alinitumia salamu kwamba mbuzi wameyaona. Nikamwambia Kunda amwambie mumewe. Akaja Jumatano asubuhi, akaingia chini ya Kalulu, nikasikia ko, ko, ko.

"Mama," Kunda akasema mlangoni, "baba wa watoto anasema gari lipumzike. Ijumaa atafungua."

"Ijumaa? Ni nati au ni mzazi aliyejifungua?"

"Anasema imeshika sana, mukwai," akajibu kwa heshima.

"Mwambie mbuzi hawangoji Ijumaa."

Kunda hakumwambia. Alijua kuchuja maneno yangu, ndiyo maana ndoa yake ilidumu.

Alhamisi mchana nilikuwa peke yangu uani. Sanduku lake la vyombo lilikuwa chini ya gari, limefunikwa gunia. Nimeendesha lile gari miaka mingi, nimelibadilishia tairi njiani na mvua inanyesha, nikajiuliza nati ni kitu gani cha kunishinda. Nikafungua boneti. Nikaweka kreti la soda nikasimama juu yake. Nikaangalia alipopaka mafuta, nikachukua spana iliyoandikwa moja na tatu, nikainama juu ya injini nikaivisha kwenye nati kule chini. Mpini ulikuwa mfupi. Nikaenda nyuma ya choo nikachukua kipande cha bomba la maji kilichobaki mume wangu alipojenga bafu, nikauvika mpini.

Nikavuta, upande ule tunaofungulia chupa. Ikakataa. Nikaegemeza kifua changu chote. Ikakubali. Niliisikia inakuja taratibu, laini kabisa, nikafurahi. Nikasema kwa sauti, uani pale, "Unaona? Siku tatu za nini?"

Kisha ikalia, tak, na nati ikaanguka chini ikiwa na kipande cha kijiti ndani yake.

Nilishuka kwenye kreti. Nikaiokota. Ilikuwa ndogo, unaweza kuifumba mkononi mtu asijue. Ningeweza kuiweka juu ya gunia lake aione, aseme mama mkwe ameharibu, yaishe. Lakini kichwani nilimwona akimwambia Kunda, Kunda akimwambia Bana Kapembwa, na Bana Kapembwa akiwaambia wanawake wote wa kanisani kwamba bibi kizee kapanda juu ya gari kama kijana wa gereji, na limemshinda. Nilikuwa na sabuni ya mche kwenye karai la nguo. Nikakata kipande, nikakilainisha kwa maji, nikakipaka kwenye uzi, nikaingia chini ya gari kwa kutambaa, na umri huu, nikairudisha nati mahali pake kwenye tundu. Ikakaa. Ukiitazama, haina neno. Nikafunga boneti nikarudi kwenye nguo zangu.

Nilifikiri nini? Nilifikiri ataivunja yeye. Nilifikiri kwa fundi ni jambo la kawaida, atasema ah, atatoa, ataweka nyingine. Sikufikiri zaidi ya hapo, wala sikutaka.

Ijumaa alikuja. Nilisimama dirishani jikoni, maharage yanachemka. Niliona soli za viatu. Niliona mguu mmoja unajikunja, kama anajiweka sawa. Halafu miguu yote miwili ikatulia. Ilitulia muda mrefu sana.

Akatoka. Alikuwa ameshika nati kiganjani. Hakuniona. Aliitazama, kisha akatazama vidole vyake viwili, akavifinya kwa kucha ya mkono mwingine. Akafinya tena. Kisha akaviweka mdomoni akaviuma, kwa nguvu, kama anauma muwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengoja kusikia kitu.

Kunda akaingia jikoni.

"Mama, imekatika."

"Nini?"

"Stadi. Ameivunja."

"Basi si atoe aweke nyingine."

"Mama, hakusikia! Anasema imekatika mkononi mwake na hakusikia hata kidogo. Anasema vidole vimekufa tena. Anasema vinahisi ninapomshika, lakini chuma havikisikii."

Nilikoroga maharage. Hayakuhitaji kukorogwa.

"Gari lenyewe bovu," nikasema.

Hilo tu. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Kunda alikuwa amesimama pale, mikono yake inanuka nyanya, ananitazama mimi mama yake nimwambie kitu, nami nikamwambia gari bovu. Kama ningefungua mdomo Ijumaa ile, kila kitu kingekuwa mahali pake. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno.

Jumamosi asubuhi Kunda hakwenda kuuza. Alikuja akaketi kizingitini.

"Amekwenda kwa Sinkala."

"Kwani si Jumatatu?"

"Hakwenda kuanza, Mama. Amekwenda kukataa. Anasema hawezi kushika breki za basi la watu na vidole vilivyolala. Anasema nati ya gari la mama mkwe ikivunjika ni aibu, nati ya gurudumu la basi ni mazishi."

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Nikasimama nikaketi. Nikamwambia akanitekee maji ingawa ndoo ilikuwa imejaa. Nilipobaki peke yangu nilijaribu kupanga jinsi ya kumtuma: Kunda, mwambie mumeo kwamba. Nikafika hapo nikakwama. Neno la namna hiyo halitumwi. Ukilituma linafika limechujwa.

Saa nane Kabaso alirudi. Nilisikia geti, nikasikia Kunda akimuuliza, na yeye akijibu polepole. Sinkala alimsikitikia. Akamuuliza kama anamjua fundi mwingine mwaminifu, naye akamtaja Chisha, waliyekuwa naye tanuruni. Chisha akaitwa pale pale, akakubali. Kisha mkwe wangu akavua shati lake zuri, akalitundika kwenye kioo cha Kalulu, akaingia chini ya gari. Hakutaka kuacha gari la mama mkwe limevunjika. Alimwambia Kunda akimaliza hiyo, vyombo atavipeleka kwa Chisha, vikafanye kazi.

Nikachukua kigoda changu. Kunda alikuwa anachambua mboga uani.

"Mama, yuko pale chini," akasema, kunikumbusha nisipite.

"Namwona."

Nikaenda nikaweka kigoda karibu na tairi la mbele, nikaketi. Soli za viatu zilikuwa hapo, hatua moja kutoka kwangu. Miguu ikajikunja kuingia ndani zaidi, kwa adabu. Hakuwa na pa kwenda.

"Mama!" Kunda akasema, kwa ule wingi wa kumheshimu mkubwa. "Mnafanya nini?"

"Nyamaza wewe." Nikaitazama ile miguu. "Kabaso. Stadi nimeivunja mimi. Alhamisi. Nikairudisha kwa sabuni. Wewe hukuvunja kitu. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Kilikwisha kukatika."

Mboga zikamwagika, nilisikia. Niliketi. Jua lilikuwa linanipiga shingoni na sikujifunika, nikaona nastahili hilo angalau.

Kisha sauti yake ikatoka, sauti ambayo kwa miaka kumi na tisa niliisikia ikizungumza na wengine tu.

"Mama."

"Naam."

"Mlivuta kwa mkono mtupu, au mlitia bomba?"

"Nilitia bomba."

"Urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, nikakumbuka hanioni. "Kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Na nusu."

"Ee. Mlikuwa chini au mlisimama juu?"

"Juu. Kwenye kreti."

"Mpini mliuvuta kuelekea jikoni, au barabarani?"

Nikafumba macho kukumbuka. "Jikoni."

Nikasikia anaweka spana chini.

"Mama, nati ile imetazama chini. Aliye juu anaiona kisogo. Hapo mlikuwa mnakaza."

Kunda akaguna. Alitaka kucheka, naona, na akaogopa. Mimi sikuwa na pa kuweka uso wangu. Siku tatu mtu anaibembeleza ifunguke, nami nikapanda kreti nikaikaza mpaka ikafa.

"Na ile nyeupe kwenye uzi ni sabuni," akasema. Hakuwa ananiuliza. "Niliiona. Nikasema na macho nayo yameanza."

"Ni sabuni. Macho yako mazima."

"Kabla haijakatika, ilikuwaje mkononi?"

"Laini. Ilikuja laini, kama mpira. Nikafikiri inafunguka."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Ndivyo inavyokuwa. Laini." Akarudia neno hilo kama mtu anayelionja. Nikainama nikaona, kwenye kivuli cha gari, anafungua na kufumba vidole vyake mbele ya uso, anafungua na kufumba.

Kunda alikuwa amekwisha kusimama. "Basi kimbia kwa Sinkala! Vaa shati. Mwambie lilikuwa kosa!"

"Jina la Chisha nimelitaja kwa kinywa changu," akajibu kutoka chini. "Sasa hivi mkewe anafua ovaroli. Nikamwambie nini? Chisha, rudi nyumbani, mama mkwe wangu alikuwa na haraka ya mahindi?"

Hilo lilinipata pale pale lilipotupwa. Na lilikuwa haki. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, na yote nikayameza.

"Nisamehe," nikasema. Sijui kama nimewahi kumwambia mtu neno hilo. Ng'andwe alikufa bila kulisikia.

Alikuwa anasogea huko ndani, vyombo vinalia. Kisha kutoka chini ya gari ukatoka mkono. Mkono wa kulia, kiganja juu, umejaa masizi, na vidole viwili vyenye ngozi ya kung'aa pale palipoungua.

"Nipeni nyundo ndogo, Mama. Iko karibu na mguu wenu."

Kunda akaja mbio aichukue, maana kitu hakipiti kati ya mkwe na mama mkwe. Nikamzuia kwa kiwiko. Nikaiokota mwenyewe, nikaiweka kiganjani mwake, na vidole vyangu vikagusa vile vyake. Alivifumba. Mkono wake ulikuwa umetulia kama jiwe.

Alitoa kile kipande kwa drili na uvumilivu, akaweka stadi mpya, na Jumanne tulikwenda shambani kuchukua mahindi waliyobakiza mbuzi. Vyombo hakuvipeleka kwa Chisha.

Vyungu nilivipika mwezi wa sita. Bana Kapembwa alikuja na wanawake tisa na ngoma mbili, akauliza mbele ya wote ni jua gani limechomoza upande gani. Nilichinja kuku watatu, nikapika kisamvu kwa karanga, dagaa, maboga, ugali wa mtama kama nyumbani kwetu kijijini, na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mapipa mawili. Tukamshika mkono tukamvusha mlango. Aliinama mlangoni kama mtu anayeingia chini ya gari, wanawake wakacheka mpaka wakalia. Akaketi kwenye kiti cha Ng'andwe. Akala mbele yangu, taratibu, kwa mkono ule. Nilimtazama anavyoufinya ugali kwa vidole viwili vile, nikala kidogo tu.

Sasa anaingia na kutoka. Ananiita Mama waziwazi, ananiletea taa ikiharibika, anaketi jikoni. Ile habari hajaitaja tena, hata kwa mzaha, na ningependa angeitaja. Anatengeneza magari uani kama zamani, leo lipo, kesho halipo, na Kunda bado anauza nyanya.

Mabasi ya Sinkala yanapita barabara yetu mara mbili kwa siku. Likipita, Kabaso anaacha anachofanya, anainua kichwa, anaisikiliza injini mpaka ifike kona. Kisha anageuka na kunitazama, bila ubaya wowote, kwa kuwa sasa anaruhusiwa.

Mimi ndiye ninayegeukia ukuta.